Mzee wa Mizani na Ncha ya Karatasi

Asubuhi, kabla hajamwitikia mtu salamu, Mzee wa Mizani alionja kwinini. Alifungua kopo, akalowesha kidole, akagusa ule unga mweupe, akautia ulimini, kisha akasimama dirishani ametulia tuli. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ungedhani amelamba sukari guru. Sisi wanafunzi wake tulijaribu kumwiga siku ya kwanza, tukakimbilia uani kutema mate mpaka Bwana Daktari, Mjerumani mkubwa wetu, Mdachi kama tulivyowaita, akatoka kuuliza tumekula nini. Mzee alimeza mate yake taratibu, akasema, "Ndiyo yenyewe," ndipo akaitikia, "Marahaba, wanangu." Asipoionja hakupima, na asipopima yeye hakuna aliyepata dawa.

Lakini shubiri, loo! Shubiri ilikuwa mbabe wake. Mtu huyo huyo aliyelamba kwinini kama sukari, shubiri ikimgusa ulimi jicho la kushoto lilijifumba lenyewe, shingo ikajikunja, akasaga meno mpaka tukayasikia. Tulimcheka sana. "Chekeni," alisema huku akipangusa machozi, "lakini mkimaliza kucheka kausheni zile chupa." Alipolazimika kuionja shubiri alitugeuzia mgongo, tusimwone.

Jina alikuwa nalo, na mji mzima wa Morogoro ulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Ukiuliza nyumba ya dawa ya Serikali iko wapi utaambiwa, "Pale kwa Mzee wa Mizani." Alipozaliwa sipajui na sikuuliza. Nilimkuta mtu mzima, mwembamba, kanzu safi yenye doa la dawa kwenye mkono wa kulia, na vidole virefu ambavyo havikutulia isipokuwa vilipokuwa vimeshika mizani.

Nami sikwenda kwake kwa kupenda hesabu. Niseme wazi, maana mengine yote yanatoka hapo. Nilikuwa na binti mlimani, upande wa Matombo, aliyeshikwa na homa, ikamwachia, ikamrudia, na kila ilipomwachia ilimwacha mwepesi zaidi. Mimi na mke wangu tulikwisha kuzika mmoja. Tulijaribu kumshusha huyu mjini kwa Daktari, tukafika nusu ya njia, mvua ikatunyea, degedege likampanda mikononi mwangu. Tukarudi naye juu. Amri ya Bwana Daktari ilikuwa moja: dawa ya mtoto haitoki mpaka mtoto apimwe uzito mbele ya mpimaji. Mtoto wangu hashuki, mizani haipandi. Niliposikia kwamba nyumba ya dawa inatafuta vijana wanaojua kusoma wafundishwe kupima, nikautua mkungu wa ndizi niliokuwa nimeushusha kuuza, nikaenda kujiandikisha siku hiyo hiyo.

Basi hesabu zote nilizofundishwa nilizifanya kwa ajili yake. Wenzangu waliona tarakimu, mimi nilimwona binti yangu.

Mzee hakufundisha kwa kitabu. Alitusimamisha mbele ya mizani yake ndogo ya mkono, yenye visahani vyeusi vya pembe ya ng'ombe na nyuzi za hariri, akatuambia tuishike bila kupumua. "Kwanza mizani tupu," alisema. Vikitoka sawa, tubadilishe upande, tuone kama bado ni sawa. Ndipo tuweke jiwe la shaba upande mmoja, dawa upande wa pili. Mkono ukitetemeka, mwaga, anza upya. Nimeanza upya mara nyingi mpaka usiku nikilala mkono unaamka peke yake umeshika hewa.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kihonda, mwepesi wa kila kitu, aliyeona hayo yote ni kupoteza wakati. Siku moja alikuwa akiongeza dawa sahanini kwa kugonga-gonga kidole, akaimba kwa mzaha, "Haba na haba hujaza kibaba." Mzee alimnyang'anya mizani.

"Kibaba cha nani?" akamwuliza.

"Ni methali tu, mwalimu."

"Iimbe sokoni. Hapa haba na haba hujaza kaburi."

Yule kijana aliona haya, nasi hatukuthubutu kumtania mpaka jioni.

Na matone pia alikuwa na wazimu nayo. Kila ilipofika chupa mpya, hata kama dawa ni ile ile na maandishi ni yale yale, aliijaza maji, akadondosha matone kwenye sahani ya mizani na kuyapima. Tone la chupa yenye mdomo mpana ni zito kuliko tone la chupa yenye mdomo mwembamba. Ukimwambia mama ampe mtoto matone kadhaa ya dawa ya kasumba, na chupa imebadilika, umemlaza mtoto asiamke. Alitueleza hayo kwa sauti ndogo sana, akiuangalia mlango, kama kwamba huyo mtoto amelala chumba cha pili.

Hofu yake, jamani, ilituchosha. Aliweza kufunga kabati, akaenda msikitini, akaswali, akatoa salamu, akarudi mbio kutazama kama amefunga. Siku moja mwanamke mmoja alichukua dawa akaondoka. Mzee akakaa, akainuka, akakaa tena. Kisha akashika pindo la kanzu mkononi akatoka anakimbia. Alimfukuza mama wa watu mpaka Msamvu, enzi hizo pori tupu na reli imepita katikati, akamwomba ile karatasi ya dawa, akarudi nayo, akaifungua na kuipima. Ilikuwa sawasawa. Akaikunja, akaenda tena Msamvu kuirudisha. Nilikuwa nimefuatana naye, nikamsikia yule mama akilalamika, "Mzee wangu, umenitia hofu bure, kumbe hakuna kitu!"

"Niwie radhi, mama," alisema, akihema. "Hofu ndiyo kazi yangu. Wewe nenda salama."

Na mtu huyo huyo, nyumbani kwake Kihonda, chumvi aliitia chunguni kwa konzi. Nilikula kwake mara nyingi. Mkewe akigeuka tu, Mzee anainuka kwenda kusaidia mchuzi, na ukiuonja hapo tena ni bahari. "Huyu," mkewe alisema akimwondoa jikoni kwa mwiko, "kazini anapima hata pumzi, hapa ananiua mimi na wageni wangu." Yeye anacheka. Nadhani jikoni ndipo mahali pekee alipopumzika.

Mkewe ndiye aliyekunja karatasi za dawa. Kila jioni aliketi mkekani, karatasi zimekatwa mraba zimepangwa pajani, na vidole vyake vikaenda vyenyewe huku anazungumza na majirani. Hakuzitazama. Alikunja huku, akakunja kule, kisha ile ncha ya mwisho akaiingiza ndani kwa ukucha wa kidole gumba, ikashika hata ukiitupa chini haifunguki. Karatasi ya kwinini yenye ncha ndani ilikuwa ni kazi ya mkono wake, na angeitambua gizani kwa kuipapasa. Kazini tulizifungua, tukatia dawa, tukazikunja tena kwa mikunjo ile ile.

Sasa nifike kwenye swali la Mzee, maana bila swali lake sijamweleza mtu wa namna gani.

Siku aliyotuanzisha hesabu za watoto alisema, "Mtu mzima wa kilo sitini anameza gramu moja ya kwinini kwa siku. Mtoto ana kilo kumi na mbili. Anameza ngapi?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kuliko Idi. Nikajibu upesi, "Moja ya tano ya gramu, mwalimu."

"Umekosea."

Nikapiga tena moyoni. Kumi na mbili mara tano, sitini. "Mwalimu, mbona ni sahihi?"

"Hukuuliza nani ataimeza."

Tulicheka, tukidhani ni mzaha wa wazee. Hakucheka. Akatusimulia habari ya mwanamke aliyepewa karatasi za mtoto mchanga, akazimeza yeye mwenyewe zote, kwa kuwa mtoto ananyonya na kwao dawa ya anayenyonya hupitia kwa mama. Kipimo kilikuwa cha mtoto. Katika mwili wa mama kikapotea, na titi halikumfikishia mtoto kitu. Hesabu ilikuwa sahihi, na mtoto alikufa. Nani aliyeipima dawa ile, hakusema. Alijipangusa mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Nyinyi watu wa mlimani ndio mnaonitia ugonjwa wa moyo," akaniambia mimi. "Kwenu kitu kikiingia nyumbani ni cha watoto wote. Kweli au si kweli?"

Ni kweli. Kwetu hata kumbikumbi mmoja hugawanywa. Nyumba ni ya akina mama, dada na dada, na watoto wao ni watoto wa nyumba moja. Anayegawa ni mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa nyumba, na akimpa mtoto mmoja akawanyima wengine, watu watauliza ana nia gani na huyo mmoja. Ni neno baya sana kusemwa juu ya mtu. Bwana Daktari alikuwa amelipigia kelele jambo hilo, na hakuwa mjinga wala mtu mbaya; hata ile mizani ya kikapu ya kupimia watoto iliyoning'inia barazani ilikuwa akili yake. Lakini yeye aliwaambia watu waache. Watu walisema, "Ndiyo, Bwana," wakapanda mlimani wakagawana.

"Moja ya tano ikigawanywa kwa watoto wanne ni nini?" Mzee aliniuliza.

"Si kitu," nikasema. Nyumbani kwetu watoto walikuwa wanne, binti yangu na watatu wa dada za mke wangu.

Siku ile jioni nilimwambia yote: binti, degedege, mvua, yule tuliyemzika. Nilidhani atanifukuza kwa kuingia kazini na shida yangu mfukoni. Alinisikiliza akichezea jiwe moja la shaba. Kisha akasema, "Mizani haipandi. Sawa. Uzito unashuka?"

Akanieleza la kufanya. Nikapewa ruhusa, nikapanda. Nikachonga mti mnyoofu, nikauning'iniza katikati kwenye boriti ya nyumba, nikafunga vikapu viwili. Kwanza mizani tupu. Nikabadilisha vikapu upande. Kisha mke wangu akamvua mtoto nguo, akamweka kikapuni. Alikuwa wa moto, kichwa kimemlegea, ananitazama kama mtu asiyenijua. Upande wa pili nikaweka mawe ya mtoni, moja moja, mpaka mti ukalala sawa. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu na mgawaji wa nyumba yetu, alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Shemeji, mjini wamekufundisha kumpima mtu kama ndizi?" Nikayatia yale mawe kikapuni, nikashuka nayo mlima.

Sijapata kubeba mzigo kama ule. Haukuwa mzito, hapo ndipo penye uchungu, haukuwa mzito. Kila nilipoteleza nilikumbatia kikapu nisidondoshe hata jiwe moja. Mvua ikaninyea tena njiani. Nilipofika barazani kwa Mzee nilitaka ayatupe mizanini palepale, anipe dawa, nigeuke.

"Kikapu kimelowa," akasema.

"Mwalimu, mtoto ana homa."

"Najua ana homa. Kikapu kimelowa, kikapu si mtoto. Na mawe haya yana ukoga na matope ya njiani. Yatoe."

Akayafuta yale mawe moja moja kwa kitambaa, akayapanga juani kwenye ukuta. Tukakaa tunayatazama yakikauka. Wallahi, nilimchukia saa ile. Nilikaa nimeuma midomo, na yeye kila mara anainuka, anagusa jiwe, anakaa. Nikaona mguu wake unatikisika chini ya kanzu kuliko wangu. Mawe yalipokauka tukayapima. Kilo kumi, na wala si kumi na mbili nilizokuwa nimezikisia kwa macho ya baba.

"Ungempa za kumi na mbili," akasema tu. Akaanza kupima.

Alipima kwinini ya siku zote za binti yangu, kila kipimo na karatasi yake yenye ncha ndani. Halafu akafunga mlango. Akatoa kopo la shubiri na mfuko wa wanga wa mhogo, akachanganya, akaanza kupima tena.

"Hizo za nani?"

"Za wale watatu. Watapata wote, chungu kwa wote, hakuna aliyenyimwa. Ila ya binti yako ina ncha ndani, hizi hazina. Mkeo aijue kwa kidole. Shemeji yako asijue."

Nikashtuka. Kumpa mtu dawa ya uongo kutoka kabati la Serikali, wakijua Bomani, ilikuwa ni viboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, mbele ya watu, na kwa umri wake asingeinuka. Nikamwambia. Akasema anajua. Kilichonishangaza ni kwamba ile shubiri aliipima kwa uangalifu ule ule, anashika pumzi, anamwaga, anaanza upya.

"Mwalimu, si uongo tu huo? Kidogo kikizidi kuna nini?"

"Shubiri ikizidi inamharisha mtoto. Uongo nao hupimwa."

Kisha akageuka ukutani akaionja, nikasikia meno.

Mke wangu alijifunza ile ncha usiku mmoja, akipapasa chini ya blanketi. Asubuhi shemeji akachukua karatasi zote, kama haki yake, akazimwaga kwenye ungo, akazichanganya na kuwaita watoto. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Ikiwa kwinini itakwenda kwa mwingine na shubiri kwa binti yangu, nimepanda na kushuka bure. Mke wangu akauinamia ungo. "Dada, zina vumbi hizi," akasema, akaanza kuziokota moja moja anazipuliza, anazifuta kwa kidole gumba, na kumkabidhi dada yake mkononi kila moja kwa zamu yake. Wa kwanza, mkubwa, akameza, akalia. Wa pili akalia. Wa tatu akakimbia, akakamatwa. Binti yangu alikuwa wa mwisho. Alimeza, hakuwa na nguvu ya kulia.

Hivyo kila asubuhi. Siku ya nne aliamka ametota jasho na mwili wa baridi, nikadhani amekufa, nikapiga kelele, naye akasema anataka ndizi. Shemeji akasema, "Mmeona? Dawa ikigawanywa ina baraka." Mke wangu alitoka nje haraka, na sijui kama alikwenda kucheka au kulia.

Nilipomletea Mzee habari, hakusema alhamdulillahi kwanza. Aliuliza, "Na wale watatu, hakuna aliyeharisha?" Nikasema hakuna. Akakaa chini kwenye gogo la barazani, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa hajalala tangu nilipoondoka. Mkewe ndiye aliyeniambia.

Nilimaliza mafunzo, nikapelekwa mlimani na kopo langu na mizani yangu, nikawa mpimaji wa upande wetu. Mzee macho yalianza kuingia ukungu. Hakungoja kuambiwa; siku aliyoshindwa kuiona ncha ya sindano ya mizani, alitoa funguo mfukoni akazitia mkononi mwa Bwana Daktari na kwenda zake Kihonda kulima mihogo. Nikishuka mjini nampitia. Ananiuliza mahesabu. Nikikosea ananitoza, yaani nile mchuzi wake wa chumvi.

Kisha vikaja vita. Kwinini yote ikakusanywa kwa ajili ya askari, na Wadachi wenyewe wakaanza kufunga mizigo. Kopo langu nilikuwa ninakaribia kulikwangua. Siku moja wachukuzi wakaniletea habari kwamba Mzee wa Mizani ana homa, mkewe naye ana homa, na hakuna wa kuwapa maji. Nikashuka na nilichokuwa nacho.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia kwa kutetemeka. Mkewe alikuwa amejikokota uani kujimwagia maji. Nikafungua kopo, nikapima kilichobaki, nikapima tena. Kingemtosha mtu mzima mmoja kwa siku zake zote, na punje isingebaki.

"Kimebaki cha watu wangapi?" akaniuliza. Alikuwa ameisikiliza mizani.

"Mmoja, mwalimu."

"Wagonjwa?"

"Wawili."

"Kila mmoja akipata nusu?"

"Hakuna atakayepona." Nilijibu kama tulivyojibu darasani, na machozi yananitoka.

"Nani ataimeza?"

"Wewe, mwalimu."

"Umekosea."

Nikabisha. Nilimwambia mkewe mwenyewe angesema hivyo hivyo. Nikamwambia mimi mwanangu yu hai kwa mkono wake, asinitwike hili. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. "Homa imenikuta nimekwisha," akasema. "Yeye analima. Macho anayo. Na mimi bila yeye nitakula nini, chumvi?" Akajaribu kucheka, kikohozi kikamzuia. "Tatizo ni kwamba hatameza asiponiona nameza. Namjua. Shubiri unayo?"

Nilikuwa nayo. Aliyenifundisha kutembea nayo ni yeye.

"Mwalimu, shubiri huiwezi."

"Leo nitaiweza. Tena ncha usiingize, si yangu si yake. Ncha ni alama ya kwinini, siitaki kwenye uongo; na ukiiweka kwake tu, kidole chake kitajua."

Nikapima kwinini ya mke ya siku ile. Nikapima shubiri ya mume, nikamwaga, nikaanza upya, naye akitega sikio, asinihurumie wala kunihimiza. Nikakunja karatasi mbili zinazofanana, yake mkono wa kushoto, ya mkewe mkono wa kulia, na nikawa nakariri moyoni kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Mkewe akaingia amejifunika shuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Umetuletea, mwanangu? Mungu akuzidishie." Nikampa yake. Kidole gumba chake kikaipapasa karatasi, kikafika mwisho, kikasimama. Akaipapasa na ya mumewe mkononi mwangu. Hakuna ncha huku, hakuna ncha kule.

"Siku hizi mmeacha ncha?" akauliza.

"Haraka ya vita, mama," nikasema.

"Tangulia wewe," Mzee akamwambia mkewe. "Maneno baadaye."

Akameza, akanywa maji, akakunja uso kidogo kwa ule uchungu kama watu wote. Kisha akamshika mumewe kichwa, akamwinua. Mzee akajimiminia ile shubiri mdomoni. Nilimwona anapigana nayo. Alikaza taya, akashika kamba ya kitanda kwa mikono miwili, akajitahidi kutulia tuli kama alivyotulia dirishani kila asubuhi. Lakini jicho la kushoto likajifumba lenyewe. Shingo ikajikunja. Meno yakasagana, tukayasikia.

"Kwinini ya siku hizi kali," akasema alipopata pumzi.

Mkewe alinitazama mimi, nami nikashindwa kuinua macho. Akamlaza taratibu, akampangusa mdomo kwa pembe ya shuka. Kisha akaichukua ile karatasi tupu ya kwinini aliyomeza yeye, akaikunja huku, akaikunja kule, ncha ya mwisho akaiingiza ndani kwa ukucha, akaitia katika kiganja cha mumewe na kumfumba vidole. Kidole gumba cha Mzee kikaanza kuipapasa.